Akicheza Mtu Kwenye Filamu

Evodia aliwaogopa watu wanaocheza dansi kwenye filamu kuliko wanaoshika bunduki. Mwenye bunduki unajua anachotaka. Lakini mtu anayeinuka mezani, chai yake bado inatoa moshi, akaanza kuyumba taratibu bila kuombwa na mtu, huyo ndiye aliyemfanya akunje vidole vya miguu ndani ya kandambili na kutafuta mkono wa kushika.

Filamu za Kihindi hazikumtisha. Kule watu hucheza kama wanavyokula: wakikosana wanacheza, wakipatana wanacheza, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Alizoziogopa ni zile nyingine, za polisi, za vita, za mke na mume waliochokana, ambamo hakuna anayetegemea ngoma. Watu wamo kwenye shida zao, mara mmoja wao anacheza.

Hofu hiyo aliipatia Kemondo, bandari ya ziwani alikozaliwa. Baba yake, mzee Rwekaza, alikuwa na banda la video karibu na soko la samaki, banda la mabati lenye mabenchi ya mbao na televisheni ya mgongo mkubwa. Rwekaza hakuajiri mtafsiri. Alishika kipaza sauti mwenyewe, akawasemea wote, steringi na adui, mama na mtoto, na Kiingereza asichokijua alikijaza kwa akili yake. Evodia alikaa kwenye kreti la soda pembeni ya mlango, akiitazama picha kwa upande.

Kila mtu kwenye filamu alipoanza kucheza, Rwekaza alishusha sauti. "Mtazameni vizuri huyo," alisema. "Tunaagana naye."

Wavuvi na wapakiaji wa bandarini walicheka. Halafu wakanyamaza, kwa sababu mara nyingi ilikuwa kweli. Kulikuwa na askari mnene aliyecheza na ufagio ndani ya darasa lililobomoka, wenzake wakimpigia makopo. Hajaurudisha ufagio pembeni, dirisha likapasuka kwa risasi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyecheza peke yake jikoni akisubiri wali uive, mjukuu wake akimchungulia mlangoni na kucheka. Picha iliyofuata, wali umeungua na jikoni hakuna mtu. Kulikuwa na mwizi aliyecheza na mkewe kwenye chumba kitupu, masanduku yamefungwa, kesho yake wanahama. Hawakuhama. Hata filamu ilipoisha na watu wakasahau nani aliiba na nani alipigwa, bibi wa jikoni hawakumsahau. Wavuvi waliigiza mabega yake huku wakitengeneza nyavu.

Kisha Rwekaza akacheza yeye mwenyewe.

Ilikuwa siku umeme wa nguzo ulipofika kwenye banda. Alizima jenereta, kelele zote zikakatika, na televisheni ikaendelea kuwaka. Rwekaza akasimama katikati ya mabenchi na kipaza sauti mkononi, akacheza. Hakukuwa na muziki. Tumbo lilikwenda huku, waya wa kipaza sauti ukaenda kule, wavuvi wakampigia makofi. Evodia, darasa la sita wakati huo, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndipo akakumbuka. Kicheko kikamkauka mdomoni. Alitaka kumwambia baba aache, lakini mtoto anamwambiaje baba yake jambo kama hilo mbele ya watu?

Wiki hiyohiyo Rwekaza alianguka bombani akinawa uso, hakuinuka tena. Daktari alisema presha. Evodia hakubishana na daktari. Yeye alijua alichokiona.

Hakumsimulia mtu. Utaanzia wapi? Alimaliza darasa la saba, akamsaidia mama yake kuuza dagaa, kisha akaolewa Buganguzi na Joackim Mutalemwa, mkulima wa migomba na kahawa, mtu wa maneno machache ambaye hata akimwita mkewe alianza kwa kukohoa. Siku ya harusi Evodia alicheza kama wengine. Harusini kila mtu anacheza, kifo kitamchagua nani? Hofu yake ilikuwa kwa yule anayecheza wengine wakimtazama.

Basi akazaa mapacha.

Wa kwanza kutoka alikuwa wa kiume, mzito, mwenye kelele. Akaitwa Ishengoma, kama wanavyoitwa pacha wa kiume wanaotangulia. Wa pili alikuwa wa kike, mdogo, macho yamefumba kama aliyekatazwa kutazama. Huyo akawa Nyakato. Ishengoma alinyonya kana kwamba amechelewa safari. Nyakato alishika ziwa, akasahau, akalala. Evodia alikuwa akiweka kidole chini ya pua yake kuona kama anapumua, na hata alipohisi pumzi hakuamini, akaweka tena.

Mama mkwe wake, Benigna, alifurahi mpaka akapoteza rozari yake. Alikuwa kiongozi wa jumuiya, mwanamke wa kanisani hasa, lakini ya mapacha aliyajua kwa mila ya nyumba yao. Watoto wanakaa ndani. Siku wanapotolewa uani, baba na mama wanasimama mbele ya mlango, kila mmoja amebeba mtoto wake, wanatafuna buni zilizotoka kwenye tunda moja la kahawa, halafu wanacheza. Wawili tu. Wengine wote wanasimama kuwazunguka na kutazama.

Evodia aliposikia hayo, maziwa yalikatika.

"Jumamosi itafaa," Benigna alisema. "Nimeshamwambia Annastella aje na wenzake wa kwaya."

"Ishengoma ana mafua, Mae," Evodia alisema, akimwita mama kwa Kihaya.

Jumamosi ikapita. Iliyofuata, Evodia alisema mgongo unamuuma. Nyingine ilikuwa na mvua, na aliishukuru mvua ile kwa moyo wake wote. Lakini jua lilipotoka Benigna alikuja na matunda mabichi ya kahawa kwenye kitambaa, akakaa juu ya mkeka, na Evodia akaona hana tena pa kukimbilia isipokuwa kanisani.

"Padre amekataza," alisema.

Benigna aliinua macho. "Amekataza nini?"

"Mambo ya mapacha. Amesema ni ya kizamani."

"Padre gani?"

"Padre Kato."

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Huko kwao, mtu haitwi Kato kwa kubahatisha. Ni jina la pacha wa pili. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo, na Evodia alilijua, ila hofu ilikuwa imemshika mpaka akalitaja jina la kwanza lililomjia.

Mabega ya Benigna yakaanza kutikisika, na Evodia akagundua kuwa anacheka.

"Mwana wange," alisema akijifuta macho. "Wazazi wa huyo padre walipomtoa uani, mimi nilikuwepo. Nilikuwa msichana, nimeshika mwavuli. Mama yake alicheza mpaka kanga ikamtoka. Kama umetaka kudanganya, si ungemtaja askofu?"

Evodia hakucheka. Alikuwa akimtazama Nyakato mapajani pake. Benigna naye akaacha kucheka.

"Unaogopa nini?"

Ndipo alipoyatoa. Alimweleza habari za askari na ufagio wake, bibi na wali, mwizi na masanduku. Alimweleza habari za baba yake na waya wa kipaza sauti. Aliyasema akitazama chini, na yalivyotoka mdomoni aliona jinsi yalivyo madogo na ya kijinga.

Benigna hakuwahi kukaa ndani ya banda la video maisha yake. Alisikiliza kama anavyosikiliza habari za nchi za mbali. "Yule bibi," aliuliza, "wali ulikuwa wa nani?"

"Wa mjukuu, nadhani."

"Na mjukuu alikula nini?"

"Sijui, Mae. Filamu haikuonyesha."

Benigna akatikisa kichwa, kana kwamba hilo ndilo kosa kubwa la hadithi nzima. Kisha akasema jambo ambalo lilimtoka kabla hajalipima. "Huku kwetu, asiyechezewa ndiye anayeondoka." Akaona uso wa mkamwana wake, akaanza kukunja kitambaa cha kahawa, akakunjua, akakunja tena. "Nimesema tu. Ni maneno ya wazee."

Lakini lilikwisha semwa. Kuanzia hapo Evodia alikuwa na hofu mbili, moja kila upande, kama mtu anayetembea kwenye njia iliyo kati ya mifereji miwili usiku bila taa. Akicheza, anamuaga mtoto. Asipocheza, mtoto anajiondokea. Alimuuliza Joackim. Joackim akakohoa, akasema, "Mimi nitacheza ukisema tucheze. Nitaacha ukisema tuache." Alikwenda kukata majani ya migomba, na Evodia akamsikia akikata kwa nguvu kuliko majani yanavyohitaji.

Hawakupata nafasi ya kuamua. Asubuhi moja Nyakato aliamka baridi. Ziwa liliwekwa midomoni mwake, midomo haikujua ni kitu gani. Nesi wa zahanati alimpima, akaandika karatasi ya kwenda Bukoba bila hata kukaa. Benigna alibaki na Ishengoma na chupa. Joackim aliita pikipiki mpaka lami, huko wakapata gari, na njia yote Evodia hakuona migomba wala maji ya ziwani. Aliona kifua kidogo tu, kikipanda, kikikawia, kikishuka.

Hospitalini alipokewa na nesi wa mjini, Mastura, mwenye hijabu nyeupe na viatu visivyo na kishindo. Mastura alimvua mtoto nguo zote isipokuwa kofia na nepi, akamweka kifuani kwa Evodia, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kitenge.

"Hii tunaiita kangaruu," alisema. "Wewe ndiye joto lake. Kula naye, lala naye, tembea naye. Maziwa atapata kwa mrija wa puani kwanza. Akijifunza kunyonya, ndiyo tuzungumze habari za kurudi nyumbani."

"Asipojifunza?"

Mastura alikaza fundo la kitenge. "Leo tunafanya ya leo, mama Nyakato."

Kwa hiyo Evodia alitembea. Wodi ile ilikuwa na kina mama wengi waliofungwa vitenge hivyo, wakipishana taratibu kama wanaotafuta kitu kilichodondoka. Kila siku alijaribu kumpa ziwa, na kila siku mtoto aligeuza uso, maziwa yakachuruzika mpaka kitovuni. Kitanda cha jirani kilitandikwa upya asubuhi moja, na mama aliyekuwa hapo hakuonekana tena. Hakuna aliyeuliza. Evodia alihesabu pumzi mpaka hesabu ikampotea, akaanza upya.

Mwisho wa korido palikuwa na televisheni iliyotundikwa juu, sauti imezimwa. Evodia alizoea kuipita bila kuinua macho. Lakini mchana mmoja aliwakuta kina mama wamesimama chini yake, shingo zimeinuka, na kabla hajajizuia na yeye akatazama.

Mzee fundi wa nguo alikuwa peke yake kwenye chumba cha kushonea. Nje, kupitia dirishani, askari walikuwa wakiuliza nyumba kwa nyumba. Ilionekana wazi kuwa wanamtafuta yeye. Mzee alishusha koti la mwanamke lililokuwa halijamalizwa mkono mmoja, akalitundika kwenye henga yake, akalikung'uta mabega, akalishika kiunoni. Akaanza kucheza nalo.

Evodia alitaka kukimbia, lakini kina mama walikuwa wamejaa nyuma yake. Mzee alicheza polepole, hatua moja mbele, moja pembeni, shavu kwenye kola ya koti, na ule mkono mmoja wa nguo ukamzunguka mgongoni kana kwamba una mtu ndani. Askari walifika nyumba ya jirani. Mzee alizunguka. Askari wakafika kwenye ngazi. *Mtazame vizuri huyo,* sauti ya Rwekaza ilisema, karibu kabisa na sikio lake. Mkono wa askari ukashika kitasa.

Umeme ukakatika.

Korido ikajaa sauti ya kina mama kukata tamaa. "Sasa wamemkamata?" mmoja aliuliza.

"Ngoja urudi."

"Ukirudi itakuwa imeisha."

"Mimi naona alitoka kwa mlango wa nyuma."

"Pale mlango wa nyuma uliuona wapi, wewe?"

Mastura alipita na trei. "Jenereta ni ya mashine za watoto," alisema. "Fundi wenu atasubiri."

Evodia alibaki akitazama kioo cheusi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuachwa hapo, katikati. Sikuzote alionyeshwa dirisha lililopasuka, wali ulioungua. Sasa mzee alikuwa amebaki mahali fulani kwenye giza lile, koti mikononi, mguu mmoja mbele, na hakuna aliyemaliza habari yake.

Kisha akahisi kitu kifuani. Kidogo, cha kukwangua, kama kuku anayedonoa punje. Aliinamisha uso. Kitenge kilikuwa kimelegea, Nyakato ameteleza chini kidogo, na mdomo wake ulikuwa kwenye ziwa. Ulikuwa unavuta.

Hapo ndipo alipoona miguu yake. Hatua moja mbele, moja pembeni. Alikuwa anacheza. Hakujua alianza lini. Labda tangu mzee aliposhika koti. Alikuwa anacheza peke yake kwenye korido, kina mama wote wamegeuka kutoka kwenye televisheni na kumtazama yeye.

Akasimama kama aliyegonga ukuta.

Mtoto akaachia ziwa.

Mastura alikuwa amesimama na trei yake. "Kwa nini umeacha?" alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anameza. Nimeliona koo lake."

"Sister, siwezi."

"Miguu inauma?"

Evodia alitikisa kichwa. Angemweleza nini? Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, kuliko bombani, kuliko kwenye lile gari. Alimtazama mtoto aliyefungwa kwake, midomo imebaki wazi, ikitafuta. Akaweka mguu mmoja mbele. Akaweka mwingine pembeni. Akayumba, akazunguka nusu, na kitu kile kidogo kikadonoa tena, kikashika, kikavuta. Kina mama walimpisha nafasi. Mmoja akaanza kumpigia makofi ya vidole, taratibu, asije akamshtua mtoto. Evodia alicheza hivyo mpaka Nyakato akalala na maziwa kwenye pembe ya mdomo.

Umeme uliporudi, kwenye televisheni kulikuwa na taarifa ya habari. Hakuna aliyejua fundi aliishiaje.

Usiku ule Evodia hakulala. Alisubiri kile kinachofuata. Alisubiri kesho yake pia, na keshokutwa, kidole chini ya pua ya mtoto. Kilichofuata kilikuwa Nyakato kunyonya tena. Kisha mrija ukatolewa. Kisha Joackim akaja kuwachukua, amevaa shati la Jumapili, akakohoa mara nyingi mlangoni kabla ya kuingia.

Nyumbani Benigna hakutaja habari ya uani hata kidogo. Alimpa mkamwana wake mchuzi, akambeba Ishengoma akakaa naye chumbani, akawaambia akina Annastella wasije mpaka waitwe. Evodia ndiye aliyelifuata kabati, akakitoa kile kitambaa. Matunda ya kahawa yalikuwa yamekauka.

"Haya hayafai, Mae," alisema. "Tuchume mengine."

Benigna alimtazama. "Bado unaogopa?"

"Naogopa."

"Basi tungoje."

"Nikingoja hofu iishe, Mae, watoto hawa wataoa na kuolewa wangali ndani."

Walitoka uani asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba. Benigna alipasua tunda moja, akampa Joackim buni moja na Evodia nyingine. Uchungu wake ulimjaa Evodia mdomoni. Joackim alikuwa amembeba Ishengoma kama anayebeba mayai, na hakujua kabisa kucheza. Alikanyaga tu, kushoto, kulia, masikio yakimwaka kwa aibu, na Avit wa jirani akamwambia kwamba hata ng'ombe wake humkanyagia udongo kwa mpangilio zaidi. Watu wakacheka. Annastella akaanzisha wimbo.

Evodia alicheza na Nyakato kifuani, hatua moja mbele, moja pembeni. Watu wote walikuwa wamewazunguka na kutazama. Magoti yalimtetemeka kiasi kwamba wengine walidhani ndiyo staili yenyewe. Kila jani lililopasuka kwenye kibanja cha migomba alilisikia. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliisikiliza mpaka ikaisha. Hakufumba macho, na hakuyaondoa kwenye uso wa mtoto.

Wimbo ulipokwisha, wengine walikwenda kwenye lubisi, pombe ya ndizi, na ndizi za kuchoma. Evodia alibaki amesimama mbele ya mlango, akiwa bado anayumba kidogo.

"Ngoma imekwisha, mwana wange," Benigna alisema akimshika kiwiko. "Mbona unamkodolea hivyo?"

Nyakato alikuwa amefumbua macho. Mwanga wa uani ulimchoma, akayakunja, akayafumbua tena.

"Namtazama vizuri, Mae," Evodia alisema. "Namtazama tu."